Hofu yenye anwani: mtu wa Butiama mjini New York

Ndugu wasomaji, leo nataka tuzungumze habari za hofu, ile inayompata mtu akishatamka tu kwamba anasafiri. Ukisema unaenda Johannesburg, utaambiwa utachomwa moto. Ukisema unaenda Nairobi, utaambiwa simu uifiche kwenye soksi. Ukisema unaenda Musoma, ndani ya nchi yako mwenyewe, utaambiwa huko watu wanaamkiana kwa mapanga. Na Mzungu naye, akiwaambia jamaa zake kwamba anakuja Tanzania, anapewa orodha yake. Kila mtu ana mahali anapopaogopa, na mara nyingi ni pale ambapo hajawahi kukanyaga.

Nimekuwa nikijiuliza hofu hizi zinatoka wapi. Nani anazitengeneza? Kwa nini hofu ya mtu fulani inapigwa mhuri na kuwa sheria, na hofu ya mwingine inabaki kuwa maneno ya kijiweni? Jibu nimelitafuta katika historia, na nikajikuta nimeishia kwa mtu ambaye sote tunadhani tumemaliza kumsoma. Mtu huyo ni mzaliwa wa Butiama.

Tuanze na Machi 1955. Mwalimu wa shule ya sekondari ya Pugu, umri miaka 32, anafika New York. Anaitwa Julius Nyerere, na ni rais wa chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka, TANU. Nauli wamechanga wanachama. Kazi iliyompeleka ni kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Waingereza walitakiwa kutoa hesabu ya namna wanavyoitawala.

Kabla ya hapo safari zake zilikuwa zimepanuka hatua kwa hatua. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alitoka kwao Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita kama 40. Leo kwa gari ni safari ya muda mfupi. Kwa mtoto wa Kizanaki wa wakati ule, Musoma ilikuwa ughaibuni. Ilikuwa na ziwa, boma la wakoloni, watu wa makabila mengine na lugha isiyokuwa ya nyumbani. Baadaye ikawa Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikorudi na shahada mwaka 1952. Kwa hiyo aliposhuka New York hakuwa mshamba wa safari.

Sasa sikilizeni hili. Serikali ya Marekani ilimpa viza yenye masharti. Aliruhusiwa kutembea ndani ya eneo la mitaa minane tu kutoka makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na akishamaliza kusema alichokwenda kusema, awe ameondoka nchini ndani ya saa 24. Waingereza, watawala wetu, hawakufurahia safari ile hata kidogo.

Mtu aliyewekewa kamba hiyo hakuwa na bunduki wala jeshi. Hata alichokwenda kuomba hakikuwa cha kutisha. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umesema nchi hii inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Nyerere alikwenda kuunga mkono wazo hilo na kutaka itamkwe wazi kwamba Tanganyika, pamoja na watu wake wa rangi zote, kimsingi itakuwa nchi ya Waafrika. Hakudai uhuru wa kesho asubuhi. Kwa maombi hayo ya upole akahesabiwa mitaa.

Walichokuwa wanakiogopa kinaeleweka ukikumbuka mwaka wenyewe. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa habari za Mau Mau, kana kwamba kila Mwafrika anayedai haki ana panga nyuma ya mlango. Vita vile vilipokwisha na watu wakahesabu, walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Kwa upande wa pili, hesabu ya serikali yenyewe ilizidi wapiganaji 11,000 waliouawa, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa amri ya mahakama. Wanahistoria wameonyesha kwamba Wazungu waliokufa kwa ajali za barabarani Nairobi katika miaka hiyo walikuwa wengi kuliko waliouawa na Mau Mau. Lakini hakuna mhariri wa London aliyeandika kichwa cha habari kuhusu magari ya Nairobi.

Hebu tugeuze swali. Mwaka ule wa 1955, kati ya Nyerere na Marekani, nani alikuwa na sababu ya kumwogopa mwenzake?

Agosti 1955, miezi mitano tu baada ya ile hotuba, kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alisafiri kutoka Chicago kwenda kuwasalimia ndugu zake Mississippi. Mama yake alimkanya kabla hajaondoka namna ya kuzungumza na Wazungu wa Kusini. Alituhumiwa kumfanyia utovu wa adabu mwanamke wa Kizungu dukani. Akachukuliwa usiku, akauawa, mwili ukatupwa mtoni. Wanaume wawili wa Kizungu walishtakiwa, na Septemba mwaka huo huo wakaachiwa huru. Till alikuwa ndani ya nchi yake mwenyewe, na bado safari ile ilikuwa ya hatari kuliko safari yoyote ambayo Mmarekani angeweza kuifanya Musoma.

Weusi wa Marekani walilijua hilo zamani, na walifanya jambo ambalo nataka tulishike vizuri. Kuanzia mwaka 1936 hadi katikati ya miaka ya 1960, mtu mmoja wa posta aliyekuwa akiishi Harlem, Victor Hugo Green, na baada yake mkewe na wenzao, walikuwa wakichapa kitabu kidogo cha mwongozo kwa wasafiri weusi wenye magari. Kilijulikana kama Green Book. Ndani yake kulikuwa na majina ya miji, hoteli, migahawa, vituo vya mafuta na vinyozi ambako mtu mweusi angehudumiwa bila kutukanwa wala kupigwa. Kilikuwa kinachapwa mji ule ule wa New York ambao Nyerere alipimiwa mitaa minane.

Sasa weka karatasi hizi mbili pamoja. Viza ya Nyerere ilikuwa karatasi ya hofu, na Green Book nacho kilikuwa kitabu cha hofu. Lakini havifanani. Kitabu kile kilikuwa na anwani. Kilimwambia msafiri asisimame hapa, alale pale, ajaze mafuta kwa fulani. Kiliandikwa na watu waliopita wenyewe barabara hizo. Viza ile haikuwa na anwani yoyote. Haikusema mtu huyu amefanya nini au atafanya nini. Ilisema tu huyu ni Mwafrika mwenye maneno, mfungieni.

Mambo hayakwisha hapo. Tanganyika ilipokuwa inakaribia uhuru mwaka 1961, mabalozi wa nchi mpya za Afrika walikuwa wakisafiri kwa gari kati ya New York na Washington. Njiani, kwenye barabara namba 40 ndani ya jimbo la Maryland, migahawa ilikataa kuwauzia hata kahawa. Balozi wa Chad alikuwa mmoja wao. Serikali ya Kennedy ilibidi iunde kitengo maalumu cha kubembeleza wenye migahawa, kwa sababu ilikuwa inaaibika mbele ya Warusi. Mwezi Julai mwaka huo huo Kennedy alimkaribisha Nyerere Ikulu ya Marekani. Mtu aliyehesabiwa mitaa akawa mgeni wa heshima, na miaka sita tu ilikuwa imepita. Je, hatari ile iliyokuwa ndani yake mwaka 1955 ilikwenda wapi? Haikwenda popote, kwa sababu haikuwapo.

Turudi Butiama kidogo. Baada ya hotuba ya New York, Nyerere aliacha kazi Pugu, maana alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akarudi nyumbani Uzanaki kwa miezi kadhaa. Huko alipata kazi ya kumfundisha Kizanaki padre wa Kimarekani, Arthur Wille, wa shirika la Maryknoll, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini. Wamarekani wa Maryknoll walikuwa wameingia Musoma tangu mwaka 1946. Walijenga, wakafundisha, wakajifunza lugha, wakazunguka vijijini. Hakuna mzee wa Kizanaki aliyewachorea mpaka na kuwaambia msivuke mto ule. Kwa hiyo mwaka mmoja huo huo, Marekani ilimwogopa mtu wa Butiama, na watu wa Butiama wakawafundisha Wamarekani kusema.

Sisemi Wazanaki walikuwa malaika. Nasema walikuwa na hofu zao, ila hawakuwa na mhuri.

Na mwenye hofu akiwa na bunduki badala ya mhuri? Hilo nalo Ziwa Victoria limeliona. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice. Mwezi Machi alipita kandokando ya ufukwe ambao leo ni wa Mkoa wa Mara, akaendelea mpaka Buganda. Aprili, akiwa upande wa magharibi, alifika kisiwa cha Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji walimshuku, wakamnyang'anya makasia, naye akatoroka huku akipiga risasi. Yangeweza kuishia hapo. Lakini Agosti alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni wakiwa na mikuki na mishale, yeye akiwa salama majini. Makumi walikufa. Stanley alikuwa mwandishi wa habari kama mimi, ametumwa na gazeti la New York na jingine la London, na habari hiyo aliiandika mwenyewe bila kuficha. Hata Uingereza walikuwako waliomlaani.

Wasomaji wake wengi lakini walibaki na picha moja tu, kwamba ziwa lile limejaa washenzi wakali. Watu wa Bumbire hawakuwa na gazeti la kuandika kwamba mgeni mwenye hofu na bunduki ni mtu wa kuogopwa kuliko wote. Walibaki nayo midomoni tu.

Kutoka mashua ya Stanley hadi tahadhari za balozi ni mbali, lakini mchezo ni ule ule. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, kumi na wawili kati yao wakiwa Wamarekani. Dar walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja. Shambulio lile lilikuwa na anwani kamili, jengo la ubalozi. Lakini likishapita kwenye midomo ya watu, anwani inafutika, inabaki "Afrika Mashariki si salama". Kutoka Dar hadi Serengeti, ambayo sehemu yake kubwa iko Mkoa wa Mara, ni mamia ya kilomita kwa barabara. Mtalii hapimi kilomita. Anapima jina.

Mwaka 2014 ilikuwa vichekesho kabisa, kama isingekuwa msiba. Mlipuko ule wa Ebola hadi unakwisha ulikuwa umeua zaidi ya watu 11,000, karibu wote katika nchi tatu, Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watalii wakaanza kufuta safari za Serengeti! Chukua ramani upime mwenyewe: kutoka Monrovia kwenda Madrid ni karibu kuliko kutoka Monrovia kuja Dar es Salaam. Tena mwaka ule ule wagonjwa walithibitishwa Madrid na Dallas. Tanzania hakuwapo hata mmoja. Sikumbuki kusikia mtu aliyefuta safari ya Paris kwa sababu ya Dallas.

Lakini msinishangilie haraka, kwa maana sisi wenyewe si wasafi. Gazeti lilipotaka kunituma Mara, wenzangu ofisini walinipa pole. "Kule Wakurya watakukata." Nikawauliza, wewe umefika? Hapana. Wewe je? Hapana. Nikauliza Wakurya wanaishi wilaya gani. Mmoja akasema Butiama, mwingine akasema Mara nzima. Butiama ni kwa Wazanaki, na Mara ina makabila mengi, Wajita, Wakwaya, Waikizu, Wajaluo, Wangoreme na wengineo. Hao ni wahitimu wa chuo kikuu, wenye kulalamika kwamba Wazungu wanadhani Afrika ni nchi moja.

Ugomvi Mara upo, tusidanganyane. Mapigano ya koo Tarime yameua watu, na polisi wana kanda maalumu ya Tarime na Rorya kwa ajili hiyo. Lakini mapigano hayo yana anwani. Ni koo fulani na fulani, vijiji fulani, juu ya mipaka ya ardhi na ng'ombe. Mwandishi anayeshuka Butiama kwenda kuona makumbusho na kaburi la Mwalimu hayumo kwenye ugomvi huo.

Nilipofika, mzee mmoja alinikaribisha chini ya mti na kunipa maji. Hakuniuliza kama nilikutana na majambazi.

"Mwanangu, umekuja na gari gani?"

Nikamtajia.

"Dereva wake alikuwa anakimbia?"

Nikamwambia, mzee wangu, alikuwa anakimbia kidogo. Akatikisa kichwa, akanyamaza. Sikumwelewa mara moja, mpaka alipoanza kusimulia ya Septemba 2014. Mabasi mawili ya abiria yaligongana wilayani humo humo Butiama, na gari dogo likaingia katika ajali hiyo. Zaidi ya watu 35 walikufa kwa mara moja. Hofu ya mzee yule ilikuwa na barabara, ilikuwa na mwendo, ilikuwa na mwaka. Wenzangu wa ofisini walinipa hofu ya kabila zima, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nifunge mkanda.

Hapo Butiama pia ndipo alipozikwa Mwalimu, Oktoba 23, 1999. Alikuwa amekwenda London kutibiwa saratani ya damu, akafia hospitali ya St Thomas tarehe 14 Oktoba. Tangu siku ile hadithi hazijaisha vijiweni kwamba "Wazungu walimmaliza". Ukimuuliza msimulizi ni Wazungu gani, kwa nini, na daktari yupi, anahamia hadithi nyingine. Mzee wa miaka 77 mwenye saratani ya damu alikufa hospitalini. Naelewa uchungu unaozaa uvumi kama huo, na naelewa historia inayoulisha. Lakini uvumi huo haumsaidii mgonjwa yeyote wa kesho anayeamua atibiwe wapi. Ni ndugu wa ile viza ya 1955, tofauti ni kwamba sisi hatuna wa kumnyima viza.

Na wakati mwingine anwani ndiyo inayookoa roho. Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walikwama katikati ya risasi. Wakati ule haikumsaidia mtu kusema Sudani ni nchi mbaya. Kilichohitajika ni kujua kila mmoja yuko wapi, mabasi yatapatikana wapi, barabara gani inapitika kwenda mpaka wa Ethiopia. Walitoka, wakafika nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mimi sitawaambia msiogope. Asiyeogopa kabisa ni mtu wa kuogopwa. Ninachosema ni kwamba mtu akikuletea hofu kabla hujasafiri, mwombe anwani. Mtaa gani? Saa ngapi? Nani alikupata na jambo hilo, lini? Akikujibu, mshukuru, ubadilishe njia, kwa maana huyo amekuandikia ukurasa wa Green Book. Akikujibu kwa jina la kabila, la dini au la bara zima, basi huyo hakujui unakokwenda. Anakugawia kitu alichopewa na mwingine ambaye naye hakufika.

Na pale ambapo hofu ya namna hiyo imeshapigwa mhuri, kama ilivyokuwa kwa yule mwalimu wa Pugu, tufanye kama alivyofanya yeye. Alisema yote aliyotumwa kusema ndani ya mitaa yake minane, akarudi Butiama kufundisha Kizanaki, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Nawatakieni safari njema, na mkanda mfunge.